Kushuhudia si lazima kipaza sauti

Ukipanda daladala ya Mbagala asubuhi, huenda ukakuta mtu anahubiri hadi konda hasikiki. Wengi wetu Wakristo hudhani huko ndiko kushuhudia, yaani kuwaeleza wengine imani yetu, na asiye na kipaji hicho basi kazi hiyo haimhusu. Sivyo. 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kumjibu "kila mtu awaulizaye". Yaani swali hutangulia, na jibu hutolewa "kwa upole na kwa hofu". (Maneno haya ya mwisho tunayaruka mno!) Yesu mwenyewe, katika Yohana 4, alianza mazungumzo na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji. Muuza chapati wa Manzese anayemkopesha jirani bila kumwanika mtaani, iko siku ataulizwa sababu. Hapo ndipo aseme.