Mwandishi huru anayezunguka dunia: watu wanavyodhani na hali yenyewe

Ukimwambia mtu unaandika kwa kujitegemea na unasafiri sana, kesho yake ushakuwa mtu wa likizo isiyoisha. Tuyapitie haya maneno maana yamezidi.

La kwanza na kubwa kuliko yote, eti magazeti yanalipia kila kitu. Wapi! Mara nyingi mwandishi huru anatanguliza hela yake mwenyewe, tiketi, malazi, viza, mkalimani, afu anamwandikia mhariri wazo lake na kusubiri jibu ambalo wakati mwingine halifiki kabisa. Wazo likipita bado, kuna wanaolipa stori ikishatoka tu na siyo ikishapokelewa, kwahiyo unaikabidhi inakaa kwao miezi huku mwenye nyumba wako anataka kodi. Wakiamua haitoki, unapata kipande cha malipo kama mkataba ulisema hivyo, kama haukusema basi tena. Na zile safari za bure za mahoteli na bodi za utalii? Zipo kweli, ila ukizikubali kuna milango inafungwa. Gazeti la Marekani The New York Times kwa mfano halipokei makala ya safari ambayo mwandishi alifadhiliwa na hao hao anaowaandika, na kusema ukweli naona wako sawa, utaisemaje vibaya hoteli iliyokulaza bure?

Afu ile picha ya laptop ufukweni. Jua linapiga kioo huoni kitu, mchanga unaingia kwenye kibodi, haiandikiki kazi hapo. Njiani unaokota tu, majina, bei, watu walivyosema, kuandika kwenyewe ni kukaa chini. Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani wa Morocco, aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, lakini kitabu cha safari zake kilikamilika 1355 baada ya kurudi Morocco, tena alisimulia yeye, aliyeandika ni Ibn Juzayy. Na katikati hapo alikuwa anafanya kazi nyingine, alikuwa kadhi Delhi na baadaye visiwa vya Maldives. Yaani hata yeye alikuwa na kibarua cha pembeni, sasa wewe unamshangaa mwandishi wa leo anayehariri ripoti za mashirika usiku?

Wengine wanadhani lazima uwe na hela au uwe kijana mdogo asiye na majukumu. Dervla Murphy, mwandishi wa safari wa Ireland, alimuuguza mama yake miaka mingi, alikuwa ameshavuka thelathini alipotoka Ireland mwaka 1963 kwa baiskeli mpaka India. Baiskeli jamani. Kitabu chake kilitoka 1965, na baada ya kila safari alirudi nyumbani kule kule Lismore kuandika.

Kuhusu uhuru wa kwenda popote, hapo ndo watu wanaumia. Viza ya utalii siyo ya kufanyia kazi ya habari. Marekani wanayo viza ya aina ya I kwa wanahabari wa nje, na ukiwa huru wanataka uonyeshe mkataba na chombo cha habari, maneno matupu hayatoshi. Vibali vimewasumbua hata wakubwa, Martha Gellhorn, mwandishi wa vita wa Marekani, mwaka 1944 hakuruhusiwa kwenda Normandy, Ufaransa, majeshi ya Washirika yalipotua, akajifungia chooni kwenye meli ya hospitali akafika hivyo hivyo. Usiige lakini, siku hizi utarudishwa na ndege inayofuata afu jina linabaki kwenye kompyuta zao.

Mwisho, eti ulichoandika ni chako milele. Nusu kweli. Kwa mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, nchi wanachama zinalinda kazi yako bila kukudai uisajili kwanza, sawa, ila ukisaini karatasi inayosema unawaachia haki zote basi tafsiri, filamu, kitabu, vyote vimeenda na hicho kifungu kimoja, na huwa kiko ukurasa wa nyuma kule ambako mtu mwenye njaa ya malipo hafiki.