Borrow na lend: nani anachukua, nani anatoa?

Kidato cha kwanza, katikati ya imla, kalamu yangu iliisha wino. Nikamgeukia niliyekaa naye dawati moja na kumnong'oneza, kwa Kiingereza kwa sababu aliyesikika akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni: “Borrow me your pen.” Mwalimu akasikia. Darasa likacheka, nikasimama mpaka kengele ilipolia, na kalamu sikupata. Kosa lilikuwa wapi, hakuna aliyenieleza. Baadaye nilikuja kusikia maelezo mengi kuhusu kitenzi hiki, na mengine ni afadhali nisingeyasikia.

Dhana: “Borrow” ni kuazima, basi.

Ndivyo tulivyoandika kwenye madaftari, na hapo ndipo tulipoponzwa. Kuazima kwa Kiswahili kuna milango miwili. “Nimeazima jembe kwa jirani”: nimechukua. “Jirani, niazime jembe”: namwomba atoe. Kitenzi ni kilekile, na sisi hatupotei, maana umbo la sentensi linatuonyesha jembe linaelekea wapi.

“Borrow” ina mlango mmoja tu, wa anayechukua. Anayetoa ana kitenzi chake, “lend”. Mimi nilikuwa nimefikiri “niazime”, nikaivalisha nguo za Kiingereza. Nilipaswa kusema “Lend me your pen”, au kwa adabu zaidi, “Can I borrow your pen?” Kalamu ni ileile na inatoka mkono uleule kwenda mkono uleule. Kinachobadilika ni yule unayemtaja kuwa mtendaji. Ukianza na mimi ninayepokea, ni “borrow”. Ukianza na wewe unayetoa, ni “lend”.

Ambaye bado haimwingii aiache kuazima, ashike kukopa na kukopesha. Hakuna anayemwambia mwenye duka “unikope sukari”. Sote tunasema “nikopeshe”, hata mtoto aliyetumwa na mama yake. Ile -esha tunayoiongeza bila kufikiri, Kiingereza kinaifanya kwa kubadilisha neno zima.

Dhana: Kiingereza kina mpangilio, Kiswahili ndicho kinachochanganya.

Mwalimu wangu aliliamini hili kwa moyo wote. Laiti ningejua wakati ule, ningemuuliza kuhusu kitenzi “rent”. Mtu akikwambia “I rent a house in Tanga”, je, yeye ni mpangaji au mwenye nyumba? Sentensi haisemi. Kiswahili kina kupanga na kupangisha, mambo yameisha.

Na “borrow” yenyewe ina ndugu wenye milango miwili. Inatokana na neno la Kiingereza cha kale, “borg”, lililomaanisha dhamana. Kijerumani, lugha iliyotupa neno shule, kina “borgen” ya ukoo huohuo, nayo inatumika kwa anayetoa na anayechukua, sawasawa na kuazima kwetu. Marekani, kwenye majimbo kama Wisconsin na Minnesota walikohamia Wajerumani na watu wa Skandinavia, wapo wazawa wanaosema “borrow me” tangu utotoni. Kwa hiyo sentensi yangu ina wenyewe. Bahati mbaya mtihani wa kidato cha nne haufanyikii Wisconsin.

Dhana: Kitu cha “borrow” lazima kirudi kilekile.

Hapa Kiswahili ndicho chenye macho makali zaidi. Cha kuazima kinarudi chenyewe: jembe, sufuria, gauni la harusi. Cha kukopa kinatumika kikaisha, unarudisha kinacholingana nacho. Ndiyo maana wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na walipotaka kusema juu ya nguo wakasema ya kuazima haisitiri matako. Kiingereza hakijali tofauti hiyo. Unaweza ku-“borrow” kitabu cha maktaba, ku-“borrow” shilingi 50,000, hata ku-“borrow” yai kwa jirani ambalo dakika kumi baadaye limeshakaangwa.

Ila kuna mtego, na huu nimeuona ukiwanasa hata wanaoongea Kiingereza vizuri. Ukikopa kilo mbili za mchele dukani, usiseme “I borrowed rice from the shop”. Msikilizaji ataelewa kwamba utarudisha mchele. Umenunua kwa deni, kwa hiyo ni “I bought rice on credit”. Na ukirudi upande wa pili, “I borrowed a book” usiitafsiri “nimekopa kitabu”, tutadhani muuza vitabu anakudai.

Dhana: “Nimekopa kwa Asha” ni “I borrowed to Asha”.

Kosa hili linaletwa na “kwa” yetu, inayofanya kazi nyingi mno: nimetoka kwa Asha, naenda kwa Asha, nipo kwa Asha. Kiingereza kinadai useme kitu kinatoka au kinakwenda. “Borrow” inafuatwa na “from”, “lend” inafuatwa na “to”. Wakati uliopita wa “lend” ni “lent”. “Lended” haipo.

Dhana: “Loan” kutumika kama kitenzi ni uharibifu wa Wamarekani.

Waingereza walikuwa wakiitumia hivyo tangu karne ya 16, wahamiaji wakavuka nayo bahari. Kule Uingereza ikafifia, Marekani ikabaki. Ukiandikia Waingereza, “lend” ni salama zaidi, lakini anayeandika “he loaned me money” hajakosea.

Dhana: Ukitaka kutumia kitu cha mtu kwa muda, “borrow” inatosha.

Inatosha kwa vitu unavyoweza kuondoka navyo. Ukiwa mgeni nyumbani kwa mtu, tumbo likakubana, ukauliza “Can I borrow your toilet?”, mwenyeji atakuelekeza mlango, ila huenda akacheka kwanza akiwaza utakibebaje. Sema “use”. Simu ni shauri jingine: hata ukipiga palepale mbele yake, umeishika mkononi mwako, hivyo “use” na “borrow” zote zinakubalika.