Fidia ya Volkswagen: mawakili hawakula fungu la wateja

Wengi huamini kuwa kampuni ikikubali kulipa mabilioni katika kesi ya pamoja (watu wengi wakiishtaki kwa kesi moja), mawakili hula nyama na wateja huachiwa mifupa. Hutokea, na inauma. Lakini tazama Volkswagen, Marekani, mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu iliyodanganya vipimo vya moshi. Katika makubaliano ya hadi dola bilioni 14.7, takriban bilioni 10 zilitengwa kwa ajili ya wenye magari yapatayo 475,000. Mwenye gari aliweza kuirudishia kampuni gari hilo kwa bei ya kabla ya kashfa kufichuka, na juu yake akapata fidia, kwa wengi dola 5,100 au zaidi. Ada ya mawakili, dola milioni 175, Volkswagen ililipa kando.