Begi la mtoto kwenye boti ya Pemba: kipi kikae mkononi, kipi kiende na mizigo

Likikaribia Eid au skuli zikianza kufungwa tu, suali ni moja kliniki nzima: dada, nakwenda Pemba na mtoto, nibebe nini? Na huyo anaeuliza mara nyingi keshamaliza kununua, keshazunguka Darajani yote, nyumbani ana begi halifungi zipu, anachotaka kwangu ni nimwambie amefanya vizuri. Mimi ni nesi wa watoto hapa Unguja na kwetu ni Pemba, kwahivo nitasema kama ninavosema kliniki: hilo begi kubwa sio tatizo, jaza utakavo, likifika bandarini Malindi linachukuliwa linakwenda kurundikwa na mizigo ya watu na hulioni tena mpaka Mkoani, bandari ya Pemba. Safari yako yote iko kwenye kale kabegi kadogo utakakokaa nako mapajani, na hako ndo watu wanakapakia mwisho kabisa, usiku, wamechoka, kwa vile vilivyokosa nafasi kwenye kubwa.

Kwanza tuelewane na bahari yenyewe. Boti ikitoka Malindi kuelekea kaskazini inapita upande wa magharibi wa kisiwa, kwahivo wakati wa kusi, kuanzia Juni mpaka Agosti hivi pale pepo linapokaza, kisiwa kinakukinga na unaona mbona shwari, watu wanakula, watoto wanakimbia kwenye ujia, mama anatoa sambusa. Halafu mnaipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Pale hakuna tena cha kukukinga, mkondo wa baina ya visiwa viwili ni kina kirefu na upepo unaupiga ubavuni, na zile sambusa zilizoliwa nusu saa nyuma zinaanza kurudi. Anaesafiri maleleji, bahari imelala, anaweza kufika Mkoani asijue nazungumzia nini. Lakini begi lipakie kwa ajili ya Nungwi, usilipakie kwa ajili ya Malindi.

Sasa kitu ambacho kinawashangaza wengi. Mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kuugua bahari. Kichefuchefu cha safari kinakuja kwa sababu sikio la ndani linauambia ubongo tunayumba na macho yanaangalia kiti cha mbele yanasema mbona tumetulia, ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndo linalipa. Kwa vitoto vichanga huo mgongano haujawa mkali, unaanza kuonekana kuanzia miaka 2 na kuendelea na unazidi kwa watoto wa umri wa skuli. Kwahivo ukiwa na kinyonyo cha miezi minane na bahari imechafuka, anaetapika mara nyingi ni wewe mama. Yeye atacheua tu kama anavocheua nyumbani, kisha atakuangalia.

Ndo maana kwenye begi la mkononi cha kwanza ninachouliza sio nguo za mtoto, ni nguo yako. Dera moja jepesi au blauzi na mtandio wa kubadilisha, kwa sababu mtoto akitapika hatapiki juu yake, anatapika kifuani kwako, na utakaa na harufu ile mpaka Mkoani na bado kuna gari ya Wete mbele. Mtoto wekea seti mbili, zikunje moja moja, kila seti na nepi yake ndani, ili uitoe kwa mkono mmoja bila kupekua maana mkono mwengine umemshika yeye.

Kuhusu matapishi, wahudumu wa boti wanagawa vimfuko, ila wakati watu arubaini wanaviomba pamoja usitegemee vitakufikia. Na ile mifuko ya plastiki ya zamani tusahau, kwetu ilipigwa marufuku mapema na Bara wakafuata 1 Juni 2019. Mimi nawaambia wachukue kopo la aiskrimu lenye mfuniko, lile la lita mbili. Linasimama lenyewe, mdomo mpana mtoto wa miaka mitatu analenga bila shida, unafunika harufu inabaki ndani, na mkishuka unalisuuza. Ndani yake kabla ya safari tia kitambaa kibichi kilichokamuliwa na kingine kikavu. Nguo chafu zitaingia kwenye mfuko wa pili wa turubai, ule wa kwendea sokoni.

Chakula. Anaenyonya tu, chini ya miezi 6, hana anachohitaji zaidi ya wewe, na tafadhali yale maji ya kijiko "kwa sababu kuna joto" tuyaache, maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata Machi. Wewe ndo unywe. Anaetumia maziwa ya kopo, usiyakoroge nyumbani asubuhi ukaja nayo kwenye chupa, maziwa yaliyokorogwa yakikaa nje zaidi ya saa 2 ni ya kumwaga, na akishaanza kuyanyonya ni saa 1 tu. Beba unga umeupima kwenye kikopo kikavu, na maji ya moto kwenye chupa ya chai, moto kweli, maana unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu na maji yanatakiwa yawe angalau nyuzi 70 ili yaviue, kisha unapoza kabla ya kumpa. Hiyo kazi ya kumimina maji ya moto ifanye boti ikiwa bado haijaipita Nungwi, au mpe mtu anaesimama vizuri. Mkubwa kidogo mpe ndizi, mkate wa boflo mkavu, biskuti za kawaida, kidogo kidogo. Maandazi ya mafuta na juisi ya maboksi ndo yanayorudi mwanzo. Na asali usimlambishe aliye chini ya mwaka mmoja, hata kama bibi yake ndo aliyeitia kwenye begi.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, dawa ya kumlaza. Kila msimu anakuja mama ananinong'oneza, wifi yangu kanambia nimpe ile siro ya mzio, alale mpaka Mkoani, nimpe kijiko kingapi? Nakujibu hapa hapa na wewe unaesoma: usimpe. Hizo siro zenye promethazine watu wanazitumia kama dawa ya usingizi, na Marekani tangu 2004 zina onyo kali kwenye boksi kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa, kwa sababu zinaweza kuizuia pumzi yake, mtoto analala na pumzi inazidi kuwa ndogo, na wewe umekaa hapo unashukuru kwamba leo katulia. Uko katikati ya bahari, hospitali iko Mkoani. Na wako watoto ambao dawa za namna hiyo zinawafanya kinyume, badala ya kulala anapanda viti. Mwenye mtoto mkubwa anaetapika kila safari aje kliniki kabla, tumpime uzito tuzungumze, kipimo sio kijiko cha jikoni. Wifi mwambie nesi kakataa, nilaumiwe mimi.

Dawa zinazofaa kukaa mkononi ni chache. Paracetamol ya maji na bomba lake la kupimia, lile lisilo na sindano. Kipimo ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 mpaka 6, isizidi mara 4 kwa siku, kwa mfano mtoto wa kilo 8 na ile siro ya miligramu 120 kwenye mililita 5, basi mililita 5 ndo mwisho wake. Kichanga wa chini ya miezi 3 akiwa na homa hasafiri, anakwenda hospitali. Halafu paketi mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na chupa ya maji safi ya lita 1 ambayo haijafunguliwa, paketi nzima lita nzima, usigawe kwa macho, na ikishakorogwa ni ya saa 24. Akitapika subiri kama dakika 10 kisha anza kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Mama wengi wanampa kikombe kizima kwa sababu mtoto ana kiu anakililia, kinarudi chote, halafu wanasema ORS haikubali. Tatizo ni kikombe, ORS haina kosa.

Baridi nayo. Watu wanapakia kwa joto la Unguja halafu wanakaa ndani chini ya AC inayomwagika kama mvua, mtoto kavaa fulana ya mikono mifupi. Soksi, kofia laini, na doti ya kanga, basi, kanga moja inamfunika na nyengine inaziba mkinyonyesha au inatandikwa chini akibadilishwa. Kaeni katikati ya boti, chini, huko kunayumba kidogo kuliko mbele na juu. Anaejisikia vibaya aangalie mbali nje, sio simu, na hiyo inamhusu pia mtoto mliyempa katuni ili atulie.

Mbeleko ni nzuri kupandia na kushukia, mikono inabaki mitupu, uso wake uuone na kidevu kisigande kifuani. Ila mkiambiwa vaeni maboya, mfungue kwanza. Usivae boya juu ya mtoto uliyemfunga, halikushikilieni nyote wawili kama inavotakiwa na uso wake ndo unaoingia majini. Ana boya lake, sheria za kimataifa za meli zinataka yawepo ya vichanga, wa kilo chini ya 15, na ya watoto wakubwa zaidi. Ukipanda tu muulize muhudumu ya watoto yamewekwa wapi, muulize bila haya, hakuna atakaekucheka hasa kwetu sisi tuliopita 2011 na 2012, zilipozama Spice Islander na Skagit.

Kuna dada zetu walioko Uingereza na Oman wananiandikia kuhusu zile meli kubwa za kitalii, za siku saba na zaidi. Huko mengi ni yale yale lakini angalieni umri kabla hamjalipa, kampuni nyingi hazimchukui mtoto wa chini ya miezi 6, na safari zenye siku nyingi mfululizo bila kutia nanga wanataka awe na miezi 12. Pampasi bebeni za safari nzima, na bwawa la kuogelea msilihesabu maana anaevaa nepi kwa kawaida haruhusiwi kuingia, hata zile nepi za kuogelea.

Mkishuka Mkoani begi la mkononi lisifungwe. Barabara ya kupanda Chake ni vilima na kona, na mtoto aliyeishinda Nungwi anaweza kutapika hapo, kwahivo lile kopo lisuuzwe bandarini kabla ya kupanda gari.

Na kadi ya kliniki, iwe mfuko wa nje. Tarehe ya chanjo ikiangukia mko Pemba, iwe za wiki 6, 10 na 14 au surua ya miezi 9, nendeni kituo chochote cha afya cha karibu watamchoma na kumuandikia humo humo, msisubiri mpaka mrudi kwangu.