Anayekubishia ndo mwenyeji

Nimechoka kuisikia hii. Kila ninakoitwa, iwe ofisi za hapa Mbeya mjini au viwanda vya chai kule Rungwe, bosi ananivuta pembeni: "Kuna huyu mmoja anabisha kila kikao, naona hajafiti na timu." Jamani! Mara nyingi huyo ndo amefiti kuliko wote.

Jeffrey Kassing, mtafiti wa mawasiliano kazini wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990 aligawa kutokubaliana kazini njia tatu: unapandisha juu kwa bosi, unanung'unika na wenzako, au unapeleka kwa mke, mume na washkaji huko nje. Tafiti zilizofuata zinaonyesha wanaojiona ni sehemu ya ofisi ndo wanaopandisha. Mgeni apandishe kwa lipi? Hajui bosi anakasirishwa na nini, muda wa majaribio haujaisha, na wa kumtetea hana.

Nenda kwenye mizani ya majani mabichi. Karani mkongwe anamwambia meneja mbele ya wachumaji, "Mzee, mvua haijanyesha wiki nzima, haya makato ya unyevu ya nini?" Meneja anakunja uso. Kijana mpya anaitikia "sawa mzee" huku anaandika, halafu jioni bajaji nzima inajua kiwanda kinaiba kilo. Na meneja ananiambia kijana ndo mwenye nidhamu.

Sasa hapa ndo panaponikera: kufiti siyo kitu kimoja. Unaweza kuwa kipenzi cha kitengo kizima, mnachangiana misiba, mnakula makande sufuria moja, na bado ukaishia kulalamika na haohao tu, maana ukipanda kwa bosi utaonekana umewageuka. Anayepanda ni yule aliyezoeana na bosi na anajua kazi yake inaheshimika. Kwa hiyo mabosi, ile bonanza yenu ya kujenga timu na mbuzi choma sikatai, ila inaweza ikanenepesha umbea tu.

Kinachonisumbua, nani alitangulia? Kufiti kunaleta kusema, au kusikilizwa ndo kunakufanya ufiti? Dodoso la siku moja halijibu hilo. Halafu huku kwetu kuna watu wazima wamefiti kabisa na hawatakubishia kikaoni hata siku moja, wanasubiri watu watawanyike, wanakufuata mpaka kwenye gari, "mwanangu, lile jambo la asubuhi tulitazame tena." Huyo kapandisha au kanyamaza? Nikifika kwenye fomu ya dodoso ya mtu kama huyo huwa sijui tiki niweke wapi.