Miguu imevimba, mnasema uzee

Upande wa kulia wa moyo una kazi gani?
Kusukuma damu kwenda mapafuni, basi. Mapafu mazima huipinga damu kidogo tu, ndiyo maana ukuta wa chumba cha kulia kinachoisukuma ni mwembamba, milimita 3 hadi 5. Wa kushoto hufika 10.

Nini hukilemea?
Ninaowaona zaidi ni wawili: mama aliyepikia kuni miaka mingi kwenye jiko lisilo na dirisha, na aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana. Moyo unasukuma mlango ulioegemewa na mtu upande wa pili.

Moyo hufanyaje?
Kwanza msuli wake hunenepa, kama mkono wa mtwangaji. Mgonjwa huona tu anahema akipanda kilima. Chumba kilichokuwa kama mwezi mwandamo huwa duara, kikaubana upande wa kushoto. Mwisho huchoka: kinatanuka, vali inavuja, damu inarudi nyuma. Ini linajaa, mishipa ya shingo inatuna, miguu inavimba.

Si uzee tu?
Hapana. Bonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, hesabu hadi 10, achia. Shimo likibaki, nendeni hospitali wiki hii. Akihema hata akiwa amekaa, nendeni leo.

Lakini bibi ana miaka 80.
Hapana, hata angekuwa na 90. Uzee haumkati mtu pumzi akitoka kitandani kwenda chooni.

Tulimpima presha, ni 120 kwa 80.
Hiyo ni ya mkononi. Ya mapafu mashine ile haiioni kabisa. Wastani wake ukipita 20 tayari ni ugonjwa, na dalili zake huonekana kwenye eko, ile ultrasaundi ya moyo.

Tumempa vidonge vya kukojoa vya dukani, uvimbe umeshuka.
Najua. Vimefungwa kwenye pindo la kanga, mnanionyesha mkifurahi. Vimetoa maji, mishipa bado imebana. Mkimkausha hovyo ataanguka, na figo zitaumia. Halafu mnamleta baada ya miezi, tumbo limejaa, ulimi umegeuka rangi ya zambarau. Hapana, uvimbe kushuka si kupona.

Aendelee kupikia kuni?
Toeni mafiga nje leo. Na mjukuu aliye mgongoni ashuke, moshi anaovuta ni uleule.