Kakombe si Kalambo: tunayoambiwa na tunayoyakuta Kigoma

Novemba moja shemeji yangu alinipigia simu kutoka Dodoma, tiketi ya treni iko mfukoni. "Shemeji, tukifika asubuhi naoga, mchana tunateremka Kalambo kuona maporomoko, jioni tunarudi kwenye migebuka." Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kaka yake amesema nini.

Simlaumu. Kila mwaka napokea wageni wenye ramani ya namna hiyo kichwani: ziwa ni moja, basi kila kilicho kando ya ziwa ni jirani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673. Mji wetu uko upande wa kaskazini, Kalambo iko ncha ya kusini kabisa, Mkoa wa Rukwa. Anayeitaka Kalambo apitie Sumbawanga, Matai, hadi Kapozwa. Inastahili safari yake yenyewe, kwani maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Na wale wanaosema "hayo ni ya Zambia" nao wamekosea nusu. Mto Kalambo ndio mpaka, na maporomoko yanaonekana kutoka pande zote mbili.

"Basi Kigoma hakuna maporomoko"

Yapo. Yanaitwa Kakombe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kama kilomita 16 kaskazini mwa mji. Yana mita 25 hivi. Nilipomtajia shemeji namba hiyo alinyamaza, nikajua anapiga hesabu: mia mbili kwa ishirini na tano. Nikamwambia subiri ufike.

"Tutakodi gari"

Gari litaishia mjini. Gombe haina barabara ya kuingilia, njia ni maji tu. Unashuka Kibirizi, pale soko la dagaa, unachagua kati ya boti ya kukodi na boti ya abiria ya mbao inayopeleka watu na mizigo vijiji vya juu kama Mwamgongo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Husikia boti ya abiria ni rahisi, wanapanga kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Boti hizo kwa kawaida huondoka Kibirizi mchana, na za kurudi hupita Gombe asubuhi mapema. Ukiipanda, umeshakubali kulala hifadhini. Tulikaa juu ya magunia ya unga wa muhogo, mama mmoja kamwekea shemeji kuku miguuni bila kuomba ruhusa, na injini ikipiga kelele hadi mazungumzo yakawa ya mikono. Mtu mwenye haraka akodi boti yake, alipie.

Na ziwa halina urafiki wa kudumu. Likichafuka mchana, hata boti kubwa inacheza. Vaa boya, hata kama nahodha mwenyewe hakuvaa.

"Gombe ni ya wazungu, mwenzangu na mimi hatuiwezi"

Dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana nimeisikia kwa watu waliozaliwa Ujiji na kuzeekea Ujiji. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiwango ambacho hakikaribii hata kidogo kile cha mgeni anayelipa dola. Njoo na kitambulisho. Usije na bunda la noti ukitegemea kulipia getini, malipo ya hifadhi hayapokelewi taslimu. Kinachokula hela kweli ni boti, ndiyo maana watu wa hapa wanajichanga wanane, kumi, wanakwenda pamoja.

"Nyani wa Jane"

Tumefika Kasekela, kituo cha wageni ndani ya Gombe, shemeji kaweka chapati zake juu ya meza akageuka kufungua begi. Sekunde mbili. Akapiga kelele, "Sokwe kachukua!" Muongozaji hata hakunyanyuka: "Huyo ana mkia, mzee. Huyo ni nyani."

Sokwe hana mkia. Nyani anao, ana mdomo mrefu kama wa mbwa, na pale ufukweni anatembea kama mwenye kiwanja. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza aliyetua Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, alikuja kwa ajili ya sokwe, ingawa nyani wa Gombe nao wamefanyiwa utafiti miaka mingi. Mwaka huohuo alimwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti, wakati wasomi waliamini ni binadamu pekee anayetengeneza zana. Amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti bado unaendelea.

Dhana nyingine inazaliwa hapohapo: kwamba hatari ni sokwe kutuumiza sisi. Hatari kubwa ni sisi kwao. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliingia kwa sokwe wa Gombe. Mafua yako ya kawaida yanaweza kuwa nimonia kwao. Ndiyo sababu unavaa barakoa, unakaa mita 10 mbali, unapewa saa moja tu nao, na mwenye kikohozi anaambiwa abaki. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata. Hapo wazazi wengi hukasirika bure, kwa kuwa hawakuuliza kabla ya kupanda boti.

"Maporomoko ni maporomoko, yote sawa"

Kutoka Kasekela hadi Kakombe si mbali. Unakwenda kwa miguu na muongozaji. Gombe haina simba wala tembo, kwa hiyo kutembea ndio utaratibu. Njia inafuata bonde la mto, miti inafunga juu, joto la ufukweni linakatika ghafla kama umeingia chumba cha jiwe. Novemba ile mvua zilikuwa zimeanza na udongo ulikuwa unateleza. Shemeji alivaa raba za mjini, akaanguka mara mbili, ya pili kwa makalio.

Kisha unasikia kabla ya kuona. Maji yanashuka kwenye ufa mwembamba wa mwamba, kamba za mimea ya kutambaa zinaning'inia pembeni, na mbele yake kuna upepo usiotoka popote ila kwenye maji yenyewe. Majani ya chini yanatikisika mfululizo, ukigeuka nyuma hatua kumi majani yametulia kimya. Shati linalowa kabla hujagusa maji. Shemeji alinyanyua simu apige picha, kioo kikajaa ukungu, akakifuta kwa shati lililolowa, kikazidi. Mwishowe akairudisha mfukoni, akasimama tu. Zile mita 25 hakuzitaja tena.

"Sokwe wanacheza ngoma pale kila jioni"

Hii imekuzwa, ingawa ina mzizi. Goodall aliandika kwamba alishuhudia madume wakikaribia maporomoko nywele zimewasimama, wakiyumba mguu huu na ule, wakirusha mawe, wakibembea kwenye zile kamba hadi ndani ya manyunyu. Inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, kisha mmoja anakaa juu ya jiwe akiyatazama maji. Yeye alijiuliza kama kuna kitu kinachofanana na mshangao wetu mbele ya jambo kubwa. Lilikuwa swali. Watu wamelichukua wakaligeuza kuwa "sokwe wanasali", na wengine wanafika na kamera wakidai waonyeshwe.

Sokwe hawana ratiba. Siku ya kwanza tulisikia tu makelele yao ng'ambo ya bonde. Siku ya pili, baada ya kupanda kilima mpaka magoti yakagoma, tukamkuta mama na mtoto wanakula matunda bila habari na sisi. Hiyo ni bahati. Wapo wanaorudi bila kuona hata kivuli.

Madogomadogo

"Gombe ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote." Ilikuwa hivyo, hadi kisiwa cha Saanane pale Mwanza kilipopewa hadhi hiyo mwaka 2013. "Gombe na Mahale ni kitu kimoja." Hapana, Mahale iko mbali kusini na ni kubwa mara nyingi zaidi. "Meli ya Liemba ilizamishwa na Waingereza." Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isitekwe. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924. "Ziwa letu halina kichocho." Kipo. Ukiogelea kwenye maji yaliyotulia yenye majani, usije kushangaa hospitali.

"Livingstone alifia Ujiji"

Siku ya mwisho tulikwenda Ujiji, kwenye kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Shemeji aliingia akiwa na hakika kaburi liko hapo. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na umezikwa London. Hata mwembe waliokutania haupo tena. Ulikufa, na miembe unayoonyeshwa ni vizazi vyake, iliyotokana na vipandikizi vya ule wa zamani.

Shemeji alisikiliza yote hayo kwa makini. Kisha akaokota embe lililoanguka, akalila lote amesimama palepale, kokwa akaifuta kwa leso na kuitia mfukoni. Ameipanda uani kwake Dodoma. Juzi alinitumia picha ya mche wenye majani manne, na chini ameandika: "Mwembe wa Livingstone, ule wenyewe."